Mkono wa Baba Kwenye Breki

Wiki iliyopita, tukiwa kwenye foleni ya kizuizi cha daraja la Tana, lori lililokuwa mbele yetu lilisimama kwa kujivutavuta na harufu ya breki iliyoungua ikatuvamia. Abiria wenzangu wakapandisha vioo. Mimi nikashusha changu. Dereva akanitazama kwenye kioo chake akaniuliza kama nina mafua, maana mtu mwenye pua nzima haitafuti harufu ile kwa hiari yake. Nikamwambia aangalie barabara. Nina ulimi wa haraka, nimeurithi kwa mama, na mara nyingi hunitoka kabla sijajua nimekasirikia nini. Safari hii nilijua. Sikutaka harufu ile ichekwe, kwa sababu ni ya msimu tuliobaki bila baba, mimi na mama na gari lililokataa kutembea.

Rika langu mtaikumbuka Garissa ile, kabla lami haijaingia mitaani kwetu, mvua ikinyesha mtu anavua viatu kwenda dukani. Baba alikuwa dereva. Gari lake lilikuwa jeupe, la viti saba, na kazi yake ilikuwa kuwabeba wafanyabiashara kwenda Dadaab na Ifo na kuwarudisha kabla jua halijazama. Alikuwa na namna yake ya kuegesha. Aliingiza gari uani kinyumenyume, akazima injini, akavuta breki ya mkono hadi ilie ule mlio wake wa mwisho, kisha akaipiga kofi dogo kama mtu anayemtuliza mbuzi. Ndipo husema, "Aabo, nifungulie mlango." Kwetu mkubwa humwita mtoto kwa cheo chake mwenyewe. Baba aliniita aabo, yaani baba, mama huniita hooyo, yaani mama, hadi leo, na ndugu wa baba, ambaye sisi humwita adeer, naye hukuita adeer vilevile.

Siku aliyofariki aliegesha hivyo hivyo. Akavuta breki, akaipiga kofi lake, akaingia ndani akasema kifua kinambana. Jirani alimpeleka hospitali kwa gari lake yeye, kwa kuwa mama hakuweza kushika usukani katika hali ile, na kufikia Magharibi walimrudisha amefunikwa. Hivyo gari la baba lilibaki pale uani, na breki ya mkono juu, kama mkono wake ulivyoiacha.

Mama akaingia eda. Alivaa nguo nyeupe, akakaa ndani, na wanawake wa mtaa wakawa wanaingia na kutoka na mabirika ya chai. Gari halikuguswa na mtu. Mali ya marehemu haichezewi kabla sheikh hajagawa mirathi, hilo kila mtu alilijua, na kwa gari lile kulikuwa na zaidi ya sheria. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuushusha mkono alioupandisha marehemu. Jirani mmoja alitaka kulisogeza ili wapate nafasi ya kutandika mikeka ya matanga. Alifungua mlango, akatazama ndani, akaufunga taratibu. Mikeka ikatandikwa nje ya ua.

Halafu mvua zikaja, na mwaka ule zilikuja kwa hasira. Ua wetu ukawa bwawa. Maji yalipanda hadi katikati ya magurudumu, yakakaa, yakaoza, yakaacha tope jekundu. Mbuzi walipanda juu ya boneti kukwepa unyevu na hakuna aliyewafukuza. Mimi nilikuwa nikienda kuchungulia dirishani. Niliona tasbihi yake kwenye kioo, kofia yake kwenye kiti, na ile breki iliyosimama. Mwalimu wetu wa dugsi, yaani chuo cha Kurani, alikuwa ametufundisha kwamba maiti husikia nyayo za watu wanaoondoka kaburini kwake. Mimi nikaendeleza hesabu kwa akili yangu ya mtoto: anayesikia nyayo hakosi kujua mambo yetu, na anayejua mambo yetu bado anaweza kushika kitu chake. Sikumwambia mtu. Lilikuwa jambo la kunifariji, na jambo la kukufariji ukilisema mbele ya wakubwa hulirekebisha hadi likuponyoke.

Eda ilipomalizika mama alivua nyeupe, akaoga, akajifukiza uunsi, ule udi wetu, na siku hiyo hiyo adeer Bishar akafika kutoka Elwak. Alikuwa kaka mkubwa wa baba, mrefu, mpole wa sauti, mwenye maduka mawili ya nafaka na ngamia ambao hakuwahi kuwataja idadi. Aliniletea tende na viatu vilivyonizidi. Nasema haya mapema ili msije mkamchukia, kwa sababu mimi nilimchukia na nilikosea. Sheikh aliita watu wachache, mirathi ikagawanywa, na gari likaangukia fungu letu, mama na mimi. Kisha adeer akasema lililomleta.

Alisema mjane wa nduguye na mtoto wa nduguye hawawezi kukaa Garissa peke yao kama mizigo iliyosahauliwa kituoni. Alisema Elwak kuna nyumba, kuna watu, kuna maziwa. Halafu akataja dumaal. Ni desturi yetu ya kale: mume akifa, ndugu yake humwoa mjane, akikubali, ili watoto wasitawanyike. Alilisema akiangalia mkeka. Mama alikuwa nyuma ya pazia na mimi ubavuni mwake, nikaona vidole vyake vikikunja upindo wa shuka na kuukunjua.

"Bishar," mama alisema, "Mungu akulipe. Lakini mimi naweza kuendesha."

Aliweza kweli. Baba alimfundisha kwenye mchanga nje ya mji, siku za Ijumaa jioni, mimi nikiwa nyuma nimeshikilia kiti kwa mikono miwili. Leseni alikuwa nayo, na watu walikuwa wameshachoka kumsema. Shule moja ya binafsi pale mjini ilikuwa ikitafuta gari la kubeba wasichana wadogo, na wazazi wengi walipenda dereva awe mwanamke. Mwalimu mkuu alikubali kumpa mama kazi kwa sharti moja: gari liwe limepita ukaguzi wa serikali kabla shule hazijafunguliwa.

Adeer alimtazama sheikh. Hakuwa mtu wa kubishana na mwanamke mbele ya sheikh. Mwishowe wakapatana, na sheikh akawa shahidi. Siku ya ukaguzi ilikuwa imeshapangwa. Gari likipita, tutabaki Garissa na dumaal haitatajwa tena. Lisipopita, tutafunga nyumba tufuatane naye Elwak. Mama akasema, "Nimekubali." Mimi nikawa naangalia mlangoni, kule gari lilikosimama kwenye tope lililokauka.

Aliyeletwa kulitazama alikuwa fundi Mutuku, Mkamba aliyeishi Garissa miaka mingi hadi Ramadhani akawa hanywi maji mbele za watu. Alikuja alasiri, siku moja kabla ya ukaguzi, maana hakuna aliyefikiri kuna kazi kubwa. Betri mpya, upepo kwenye magurudumu, basi. Injini ikawaka mara ya pili. Mama, akiwa amekaa mahali pa baba, aliweka mkono kwenye breki. Nilimwona akiuacha pale kidogo kabla ya kubonyeza. Akaishusha. Akatia gia, akaachia klachi polepole, na gari likainua pua, likatetemeka, likakaa.

"Ongeza moto kidogo, mama," fundi alisema.

Akaongeza. Gari likasogea, lakini gurudumu la nyuma la kushoto halikuzunguka. Liliburutwa, likachimba mfereji kwenye udongo kama ng'ombe anayekokotwa kwa kamba na miguu ameikaza. Fundi akapiga boneti kofi asimamishe. Akapiga magoti, akatazama, akanusa.

"Hii imeshika," alisema. "Nani aliacha gari na breki ya mkono mvua yote hii?"

Mama alikuwa bado ameshika usukani.

"Mwenyewe alikufa," alisema.

"Ah. Pole sana, mama." Fundi akafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa imechafuka. "Lakini si mngeishusha tu? Gari ikilala siku nyingi unaachilia breki, unaweka jiwe. Maji yakiingia huko ndani na imekazwa, inashikana na kutu."

"Hatukutaka kugusa," mama alisema. "Ni yeye alivuta."

Adeer alikuwa amesimama kando na fimbo yake begani. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chenye p inayogeuka b. Alisema, nusu kwa mzaha, nusu si mzaha, "Fundi, bole bole. Ndugu yangu hataki hii gari itoke hapa."

Fundi akacheka kwa adabu. Mama hakucheka. Jambo langu la siri limesemwa na mtu mzima, mbele ya watu, na likageuka. Kumbe baba alikuwa ameshika gari, sawa, lakini nilikuwa nimedhani ameshika kwa ajili yetu. Sasa niliona alikuwa ameshika ili mama asiendeshe. Alikuwa upande wa adeer. Alitaka twende Elwak, mama aolewe, na kofia yake ibaki kwenye kiti hadi iliwe na mchwa.

Fundi alitia jeki, akafungua nati, akatoa gurudumu. Nyuma yake kulikuwa na chuma cha duara kama sufuria iliyofunikwa, alichokiita dramu, na ndani ya dramu, alinieleza nilipomsogelea, kuna vipande viwili vya breki vinavyopanuka na kuikamata kwa ndani ukivuta ule mkono. Alikipiga chuma nyundo, akazunguka, akakipiga tena. Kila pigo lilinifikia kwenye meno. Adeer alikwenda kuswali Alasiri, akarudi, nyundo bado inalia. Jua lilikuwa limeanza kuinama dramu ilipotoka kwa kishindo, na vumbi jekundu likamwagika chini kama pilipili iliyosagwa.

Nilidhani yameisha. Fundi alisugua kila kitu kwa msasa, akarudisha, halafu akavuta kebo, ule waya mnene unaotoka kwenye mkono wa breki hadi gurudumuni. Ukaenda. Akauachilia. Haukurudi.

"Hapa ndiyo shida sasa," alisema, akimtazama mama. "Kebo imekula kutu ndani ya mfuko wake. Ukivuta inakamata, ukiachilia inasahau kuachilia. Hii dawa yake ni kebo mpya, na yake haiko Garissa. Ni Nairobi."

"Toa kabisa hiyo waya," adeer alisema. "Kwani si iko breki ingine ya mguu?"

"Mzee, kesho wataangalia breki ya mkono pia. Nikitoa, amefeli. Nikiacha na ishike, amefeli."

Mama aliuliza kama kuna njia. Fundi akakuna kichwa, akasema atajaribu mafuta ya taa na grisi, lakini anahitaji mtu akae pale juu avute na kuachilia akiambiwa. Mama alikuwa ameshuka kuwasha jiko. Akaniangalia mimi.

"Panda, hooyo."

Nikamwambia afanye yeye. Akasema, "Wewe una mikono," na hiyo ilikuwa sauti ambayo haibishaniwi nyumbani kwetu. Nikapanda. Niliisogeza kofia ya baba pembeni bila kuiangalia. Breki ilikuwa na ngozi iliyochakaa mahali pa kiganja chake, laini kuliko kwingine. Niliweka mkono pale. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tena, hata siku ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza, hofu ya kwamba nitahisi vidole vyake chini ya vyangu.

"Vuta!" fundi aliita kutoka chini.

Nikavuta.

"Achilia!"

Nikaachilia, na moyoni nikasema, aabo, nawe achilia. Chini fundi akasonya. "Bado. Vuta."

Tulifanya hivyo hadi mkono ukafa ganzi. Vuta, achilia. Kila mara nilimwomba baba, kwanza kwa adabu, halafu kwa kulalamika, na mwishowe nikamwambia kwamba kama anatupenda asitufanyie hivi. Hakuna mtu niliyewahi kusema naye vile. Nilipofika kwenye maneno hayo ndipo fundi alipoita, "Ehe! Imerudi." Unaweza kufikiria nilivyojisikia.

Kabla ya Magharibi gurudumu lilikuwa limerudi mahali pake na gari likatembea uani mbele na nyuma. Fundi alimwagiza mama jambo moja akalirudia. "Kesho usivute hii breki ya mkono mpaka uambiwe na mkaguzi. Hata ukisimama wapi. Imeponea kidogo tu. Na ikikataa kuachilia, tia rivasi, sogeza nyuma kidogo, itajitoa."

Asubuhi tulitoka watatu. Mama na shemeji yake hawawezi kukaa peke yao ndani ya gari, wangesemwa hadi Wajir, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa ruhusa yao. Niliwekwa mbele kando ya mama. Adeer alikaa nyuma kabisa kama abiria asiyemjua dereva, fimbo katikati ya magoti. Hakuna aliyesema. Mama aliendesha kwa mikono miwili, midomo ikisoma, na kila aliposimama nilitazama mkono wake wa kushoto nikiomba usisahau.

Ulisahau. Tulipofika kwenye kituo cha ukaguzi kulikuwa na mstari wa magari, na askari wa langoni akamwonyesha asimame. Baba alimfundisha mama jambo hilo kabla ya mengine yote: gari likisimama, mkono kwanza. Akavuta. Nikasikia ule mlio. Akageuka kunitazama, uso wake umekauka, akaishusha haraka. Mstari ukasogea, akatia gia, na gari likaenda kwa uzito kama lililopakia mchanga. Tulipokaribia mbele harufu ikaanza, ya pembe na ngozi, kama ngamia anapopigwa chapa ya moto. Adeer akakohoa nyuma.

Mkaguzi alikuwa kijana wa bara mwenye koti la kung'aa na jasho hadi kwenye kidevu. Aliangalia taa, akaangalia mikanda, akapiga magurudumu teke. Kisha akasema atapanda na dereva kujaribu breki, wengine washuke. Adeer akashuka, akaenda kwenye kivuli cha ukuta walipokuwa madereva. Mimi sikuondoka.

"Mtoto ashuke," mkaguzi alisema.

"Mtoto atabaki," mama alisema.

Akatutazama, akakumbuka labda yuko wapi, akainua mabega akakaa nyuma. Mama akaendesha, akakanyaga breki ya mguu, gari likasimama sawasawa. Wakarudia. Halafu mkaguzi akamwelekeza kwenye mwinuko mfupi wa saruji.

"Panda, simama katikati. Vuta breki ya mkono. Toa mguu."

Gari likakaa pale juu bila kurudi nyuma hata inchi.

"Sawa. Achilia, uende."

Mama akaishusha. Akaachia klachi. Gari likanguruma likabaki. Niliona mshipa wa shingo yake. Nikafumba macho nikasema kwa sauti, bila kujua ni kwa sauti, "Aabo, tafadhali."

"Anasema nini?" mkaguzi aliuliza.

"Anaomba," mama alisema. Akatia rivasi, akarudisha kiasi cha unyayo mmoja. Kitu kikalia chini yetu, tak. Akatia gia ya kwanza na gari likapanda mwinuko likashuka upande wa pili, jepesi, kama lisilokuwa na neno na mtu.

Nilitaka kupiga vigelegele. Mkaguzi alikuwa akitazama mstari wa magari nyuma, saa yake, jua. Alikuwa amechoka, na nilimpenda kwa uchovu huo.

"Imeachilia," alisema, akifungua mlango. "Ilikawia tu kidogo. Breki zako ziko sawa, mama?"

Lilikuwa swali la kumalizia. Mtu hujibu ndiyo, anashukuru, anaondoka. Mama alizima injini kwanza.

"Haziko sawa," alisema. "Ile ya mkono inashika. Waya yake imeoza. Hii gari ni ya kubeba watoto wa watu."

Mkaguzi alisimama na mguu mmoja nje. Alimtazama mama kwenye kioo kama anayesubiri aseme amekosea. "Basi mimi siwezi kukupitisha."

"Najua."

"Badilisha hiyo kebo, urudi. Nitaiangalia hata ukija kesho."

Mama akasema ahsante. Mapatano yalikuwa siku ya ukaguzi, na siku ya ukaguzi ilikuwa leo, na mama alikuwa ametupeleka Elwak kwa ulimi wake mwenyewe wakati mlango ulikuwa umefunguliwa. Adeer alikuja kutoka kivulini. Aliuliza kwa macho, mama akatikisa kichwa, akasema kwa Kisomali, "Halikupita. Nimemwambia kuhusu kebo." Adeer akapanda nyuma na kufunga mlango taratibu. Sikuona furaha usoni mwake, ingawa niliitafuta ili niichukie.

Tulikuwa njiani kurudi, karibu na soko, neno liliponitoka. Sikupanga kusema. Niliuliza nikitazama magoti yangu: "Hooyo, aabo anataka tuende na adeer?"

"Nani kasema?"

"Ameshika gari. Adeer alisema jana. Nilimwomba aachilie, akaachilia kidogo, halafu akashika tena."

Mama akasogea kando ya barabara akasimama, na watu wa punda wakatupita wakitugeukia. Hakunitazama. Alisema polepole, kila neno kamili.

"Hooyo, baba yako hajashika kitu. Angekuwa na mkono wa kushika, angenishika mimi."

Tangu siku ya msiba sikuwa nimemsikia akisema neno moja kuhusu nafsi yake. Alikuwa amesema kuhusu chai, mikeka, sheikh, leseni. Sasa neno lenyewe likakaa katikati ya gari na sisi watatu hatukuwa na mahali pa kulikwepa. Mama hakulia. Paji lake la uso lilikuwa kwenye usukani. Nyuma yetu fimbo ya adeer ilianguka sakafuni na hakuinama kuiokota.

Adeer alisema, "Nishushe hapa."

Mama akasema bado hatujafika nyumbani.

"Najua tulipo," adeer alisema. "Waya huo unaitwaje kwa Kiswahili? Nataka kumpigia mtu wangu wa Nairobi kabla basi halijapakia." Alipokuwa ameshafungua mlango, akiwa hamwangalii, akaongeza, "Mapatano yalikuwa gari lipite. Sheikh hakusema lipite mara ya ngapi." Kisha akaenda, mrefu, kanzu ikimpiga miguuni, akaisahau fimbo yake ndani.

Basi liliingia kesho yake asubuhi. Adeer ndiye aliyeipokea kebo na kuileta hadi mlangoni kwetu, imeviringwa kwenye gazeti. Hakuingia. Alimkabidhi fundi Mutuku, akachukua fimbo, akanishika kichwa akasema, "Adeer, mtii mama yako," na akaenda kutafuta lori la kwao. Hakuoa mjane wa nduguye, na hadi alipofariki hakupitisha mfungo bila kututumia tende.

Fundi alimaliza kabla jua halijawa kali. Akainua gari kwa jeki, akamwambia mama avute, aachilie. Kisha akalisukuma lile gurudumu kwa kidole kimoja. Likazunguka. Likazunguka bila sauti yoyote, likaendelea kuzunguka baada ya kidole chake kuondoka, na hapakuwa na kitu kilicholishika wala mtu. Nililitazama likipunguza mwendo lenyewe. Ndipo nikaanza kulia, mara ya kwanza tangu walipomrudisha baba amefunikwa, kilio cha sauti hadi jirani akachungulia ukutani.

Fundi aliokota spana zake akajifanya anatafuta kitu upande wa pili. Mama hakunibembeleza wala hakuniambia ninyamaze. Alikaa mahali pa dereva, mlango wazi, akasubiri nimalize, halafu akaniambia nioshe uso nipande, tumechelewa kwa mkaguzi.